Taarifa ya Mtu Aliyepotea

Wa kwanza kulalamika alikuwa mwizi. Kituo kizima kilimjua kwa jina la Mkono Mwepesi, maana haukupita mwezi bila kuletwa kwa kesi ya simu ya mtu. Alikwisha kuzoea mahabusu kiasi kwamba akiingia alivua viatu mwenyewe mlangoni, akavipanga, akauliza hali za watoto wa maaskari. Siku hiyo, saa nane mchana, aligonga nondo za mlango kwa kiganja.

"Afande! Nani anaoka mikate humu ndani?"

Koplo wa kaunta aliinua kichwa kutoka kwenye kitabu cha taarifa. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na ushei, mnene kidogo, mwenye sauti ya kutuliza ugomvi kabla haujaanza. "Mikate gani? Umekuja hotelini hapa?"

"Si utani, afande. Kuna harufu ya unga uliotiwa chachu ukasahauliwa. Na huyo mtu wenu hapo nje kwenye benchi, anapumua kama anayetaka kusema kitu halafu anaghairi. Mwambieni aseme basi! Ananitia wazimu."

Koplo akatazama benchi. Lilikuwa benchi refu la mbao lililoegemezwa ukutani, mkabala na kaunta, rangi yake imekwanguliwa na makalio ya miaka ishirini. Lilikuwa tupu. Watu watatu walikuwa wakingoja kuhudumiwa, mmoja wao mama mjamzito, tena mimba kubwa, na wote watatu walikuwa wamesimama.

"Mama, kaa upumzike miguu," Koplo akamwambia.

Yule mama akatazama benchi, akamtazama Koplo, akasema kwa adabu, "Si pana mtu, afande?"

Koplo alijua nani aliwahi kukaa pale, ncha ya kushoto, chini ya saa ya ukutani. Alimkalisha yeye mwenyewe, siku kumi na moja zilizopita.

Ilikuwa Jumanne, na kaunta imefurika. Madereva wawili walikuwa wakigombania nani kamgonga nani, kila mmoja na mashahidi wake, kila shahidi na kelele zake. Katikati ya rabsha hiyo aliingia kijana wa kama miaka thelathini, mwoka mikate wa mtaa wa nyuma, bado ana unga kwenye nyusi. Alipanga foleni. Zamu yake ilipofika aliinama kidogo akasema kwa sauti ya chini:

"Nimekuja kutoa taarifa ya mtu aliyepotea."

"Ni nani wako?"

"Ni mimi."

Koplo alidhani hakusikia vizuri. "Nauliza huyo aliyepotea."

"Ndiyo, afande. Ni mimi. Mara ya mwisho kuonekana ilikuwa kama mwezi wa tatu hivi. Tangu hapo sijaonekana."

Konstebo aliyekuwa zamu moja naye alicheka. Huyu walimwita Msomi, kwa kuwa alijiunga na jeshi akiwa na digrii yake kwenye bahasha, na kwa kuwa alikuwa mrefu mwembamba kama kalamu. Hakucheka kwa ubaya. Alicheka kama mtu achekavyo akichoka. Koplo naye akacheka. Yule mwoka mikate alipoona wanacheka akatabasamu, kama anayewaomba radhi kwa kuwasumbua.

"Kaa pale kwenye benchi, kaka," Koplo alisema. "Nikimaliza na hawa wapiga kelele nitakuita."

Akaenda akakaa. Alikaa dakika arobaini. Mara moja aliinuka, akasogea kaunta, akauliza, "Afande, zamu yangu bado?" Koplo, macho yakiwa kwenye leseni ya dereva, akamwonyesha kiganja: bado. Alipokuja kuinua macho, kijana hakuwepo. Msomi alikuwa amemwona akitoka, akampungia mkono.

Saa kumi na mbili jioni simu ya kituo ililia. Mwoka mikate alikuwa kwenye stoo ya unga, mlango umefungwa kwa ndani, na alikuwa amejiua. Msomi ndiye aliyetumwa. Aliuvunja mlango kwa bega. Aliporudi alikuwa na unga mpaka kwenye kope. Alikwenda bombani nyuma ya kituo, akafungulia maji, akasimama akiyatazama yanavyomwagika, hakunawa.

Kwamba kijana alipitia kituoni kwanza, hilo halikuandikwa popote. Mkuu wa kituo, mtu mzima mwenye kitambi na moyo si mbaya, aliwaita wote wawili ofisini.

"Nyie ni polisi, si manesi," aliwaambia. "Mkimkumbatia kila anayekuja na maneno ya ajabu, kazi atafanya nani? Faili limefungwa. Nendeni mkanywe chai."

Maaskari wenzao walifanya kama walivyozoea, wakafanya utani. Mmoja aliandika kwenye ubao wa zamu, *Waliojipoteza wapite dirisha la pili*, wakacheka wiki nzima, wakacheka kwa nguvu kuliko utani wenyewe ulivyostahili. Koplo naye alicheka. Nyumbani, mumewe, fundi viatu mpole asiyependa kuuliza mambo mara mbili, alimwambia, "Mama watoto, mbona hulali siku hizi?" Akamjibu, "Joto tu."

Basi baada ya malalamiko ya Mkono Mwepesi, mambo hayakungoja. Kila siku saa nane mchana, jua likiwa kali nje na mabati ya paa yakialika, harufu ya unga uliochacha iliingia kituoni. Ilianzia kwenye benchi, ikasambaa kaunta, ikapanda kooni. Mfagiaji alipangusa benchi lote isipokuwa kile kipande cha mwisho, na alipoulizwa alisema pale mbao inaunguza. Koplo aliingoja saa ya chakula, watu walipopungua, akaenda akaweka kiganja. Hapakuwa na jua pale, wala bomba la moto. Lakini mbao ilikuwa na joto, joto la kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi, na alipokuwa bado ameinama hivyo, mkono kwenye mbao, akahisi pumzi ikimgusa shavu, pumzi nzito ya chachu, na sauti ikamwambia sikioni, polepole, bila hasira yoyote:

"Afande, zamu yangu bado?"

Alirudi nyuma ya kaunta bila kukimbia, kwa sababu askari hakimbii kaunta. Alikaa. Alifungua kitabu cha taarifa akaanza kuandika tarehe, na aliiandika tarehe ile ile mara nane.

Mkono Mwepesi alipoletwa tena wiki iliyofuata alikaa mahabusu saa mbili tu, halafu akaanza kupiga kelele za kuomba karatasi. "Andika nimeiba, afande! Andika nimeiba hata huu ukuta! Nipelekeni gerezani leo leo, huku kwenu mnaishi na kitu!" Maaskari wakacheka mpaka wakajifuta machozi. Msomi peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama karibu na chujio la maji, anajaza glasi, na alipomaliza aliibeba kwa mikono miwili mpaka kwenye benchi, akaiweka kwenye ile ncha ya kushoto, kisha akakaa pembeni yake na kufungua daftari.

Koplo akamfuata. "Unafanya nini?"

"Naandika maelezo yake, afande."

"Ya nani?"

"Tafadhali usipaze sauti. Akikatishwa anaanza upya." Msomi hakuinua uso. Kalamu yake ilikuwa inakwenda, inakwenda. "Si hatukumwandika? Sasa namwandika. Anaongea vizuri tu. Ana mengi."

"Msomi, hapo hapana mtu."

Hapo ndipo alipoinua uso, na Koplo akaona jinsi mashavu yalivyobonyea na macho yalivyoingia ndani. "Na wewe unamsikia," alisema kwa upole. "Nimekuona ulivyoweka mkono."

Koplo angeweza kusema ndiyo. Aliliona neno lile liko karibu kabisa, kwenye ncha ya ulimi. Lakini mkuu wa kituo alikuwa anapita, na yeye Koplo ndiye mkubwa wa zamu, na kwa hiyo alisema, "Kanawe uso, uje unipokee kaunta."

Siku zikaenda hivyo. Kila saa nane Msomi alikaa benchini na daftari lake, na wenzake wakamwacha, wakisema kijana anasomea mtihani wa vyeo. Kisha, Jumatano moja asubuhi, Koplo alikuta daftari limesahauliwa chini ya kaunta, akalifungua.

Kurasa za mwanzo zilikuwa za mwoka mikate. Swali, jibu, swali, jibu, kama maelezo yoyote ya kituoni, kwa mwandiko mzuri wa Msomi. Lakini kadiri alivyofunua, mwandiko ulilala, ukabanana, maswali yakapotea yakabaki majibu, na majibu hayakuwa tena ya mtu mwenye unga kwenye nyusi bali ya mtu mwingine, mrefu, mwembamba, mwenye kovu dogo chini ya kidevu alilolipata kwa kuanguka na baiskeli, anayevaa saa mkono wa kulia, ambaye mara ya mwisho alipocheka kwa moyo ilikuwa Jumanne ile, ambaye dada yake amempigia simu mara sita na hakupokea, ambaye hakuna atakayejua kwamba hayupo mpaka siku ya tatu. Na katika ukurasa wa mwisho wa maelezo hayo, kwa herufi ambazo hazikuwa za Msomi wala za mtu yeyote aliyefundishwa kuandika na mwalimu, palikuwa na mstari mmoja: *Kuonekana mara ya mwisho: Alhamisi, saa nane mchana.*

Baada yake palikuwa na ukurasa mtupu, ila juu ya ukurasa huo, kama kichwa cha habari kinachongoja habari yake, paliandikwa: *Koplo.*

Alhamisi ilikuwa kesho.

Upande wa pili wa ukuta wa kituo palikuwa na chumba cha kufulia na kupiga pasi, cha mwanamke waliyemwita Bi Pasi. Sare za maaskari wote zilipita mikononi mwake. Ilisemwa pia, kwa sauti ya chini, kwamba baba yake alikuwa mganga na kwamba yeye alirithi kazi hiyo bila kuitaka, na kwamba mtu akimwendea kwa shida hiyo humhudumia huku anapiga pasi, ili wateja wasijue. Koplo alikwenda na daftari chini ya kwapa. Kabla hajafungua mdomo Bi Pasi alivuta shati moja la sare kwenye rundo, akamnusisha.

"La yule mrefu," alisema. "Nimelifua mara nne. Halitoki. Na lako limeanza. Nilikuwa nakungoja, nikasema huyu mkaidi atakuja lini?"

Koplo akakaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, akamweleza yote. Ilikuwa mara ya kwanza kuyasema kwa mdomo wake. Bi Pasi alisikiliza, pasi inakwenda na kurudi, na mvuke unapanda.

"Kwanza lielewe hili," alisema mwishowe. "Huyo si marehemu. Marehemu amekwenda zake, wala hana habari na nyinyi. Huyo ni jini. Wapo majini wa namna hiyo, hukaa mahali mtu alipoachwa anangoja. Huchukua harufu yake, huchukua sauti yake. Lakini mtu hamtaki. Mtu ameshakufa, wa nini? Anawataka nyinyi mliobaki."

"Tumfukuze vipi?"

"Ubani nitafukiza. Dua nitasoma. Lakini nisikudanganye, hiyo ni ya kusafisha nyumba. Kumtoa ni kazi yenu." Akasimamisha pasi. "Analishwa na lile mnalolificha. Mama wa yule kijana, mmemwambia mwanawe alikuja kwenu?"

Koplo akatikisa kichwa.

"Basi nendeni, wote wawili. Na sikia sana, mwanangu. Ukikutana naye uso kwa uso usimjibu. Usimwamrishe, usimwombe, usibishane naye. Ongea na mwenzako aliye hai. Jini huyo akikosa anayemsikiliza, hana pa kukaa."

Jioni Koplo alimwambia Msomi: kesho saa saba kamili tukutane kwa mama wa marehemu, tukamwambie. Alitegemea atakataa. Msomi akasema, "Sawa, afande," haraka, kwa wepesi, kama mtu aliyeombwa kalamu. Koplo alipokumbuka baadaye, wepesi ule ndio uliomuuma.

Alhamisi saa saba Msomi hakuonekana. Simu yake ilikuwa imezimwa. Koplo alisimama langoni kwa mama wa marehemu mpaka jua likamchoma utosi, akaona akingoja zaidi ataondoka, akagonga.

Kiwanda cha mikate kilikuwa cha huyo mama mwenyewe. Nyumba ilikuwa mbele. Nyuma ulikuwa ua wa saruji, na ng'ambo ya ua tanuri na stoo ya unga. Tangu mwanawe afe hapakuokwa hata mkate mmoja. Alikuwa mwanamke mkavu, mwenye mikono yenye makovu ya moto mpaka viwikoni. Alimkaribisha Koplo kiti, yeye akabaki amesimama.

Koplo alisema. Hakuipamba. Alikuja Jumanne ile, tulimcheka, nilimkalisha benchini, aliuliza zamu yake nikamwonyesha kiganja.

Mama akauliza, "Alingoja muda gani?"

"Dakika arobaini, mama."

"Alikaa vipi? Aliegemea, au aliinamia mbele?"

"Aliinamia mbele."

"Mlimpa maji?"

"Sikumbuki, mama."

"Kumbuka."

"Hatukumpa."

"Alikuwa amevaa lile shati la mistari, au la bluu?" Na Koplo, ambaye kwa miaka kumi na tisa aliandika mavazi ya kila aliyeletwa na kila aliyetafutwa, alijitafuta kichwani mwake asilione lile shati, akaanza kulia. Mama hakumbembeleza. "Usilie bado," alisema. "Sijamaliza kuuliza. Hakuna mwingine wa kumuuliza."

Simu ya Koplo ikaita. Jina lilikuwa la Msomi. Aliipokea. "Msomi! Uko wapi?"

Alisikia pumzi tu, halafu, polepole:

"Afande, zamu yangu bado?"

Sauti ile iliingia mara mbili: mara moja kutoka kwenye simu, na mara ya pili kutoka nje, ng'ambo ya ua. Mama naye aliisikia. Ilikuwa saa nane kasoro dakika tano.

Wakatoka mbio. Harufu ya unga uliochacha ilikuwa imejaa ua mzima, nzito kiasi cha kutafunika, na kufuli la mlango mpya wa stoo lilikuwa linaning'inia wazi. Koplo aliusukuma mlango. Ulikuwa na komeo kwa ndani. Akaugonga kwa ngumi mbili, akaita, akarudi nyuma kuupiga kwa bega, na hapo hapo mama akamrukia, akamshika kiunoni, akamvuta kwa nguvu ya mtu aliyekanda unga maisha yake yote, akipiga kelele, "Mwache! Mwache usimvunjie! Mwanangu yumo humo, si unamsikia, mwanangu yumo!"

Ni kweli alikuwa anasikika. "Mama," ilisema sauti nyuma ya mlango, sauti ile ile, tulivu. "Mama, ngoja hapo. Usimruhusu aingie. Nikimaliza nitakuja."

Mama akapiga magoti kwenye saruji, mikono bado imemng'ang'ania Koplo, akaweka paji la uso kwenye mbao za mlango. Koplo alimsihi, alijaribu kujinasua, alimkanyaga hata vidole, na ndani alisikia kitu kizito kikiburutwa, na sauti nyingine ya chini kabisa, ya Msomi, inahesabu kitu au inaomba kitu, haikujulikana.

"Mama," ikasema tena. "Mama yangu."

Mikono ikalegea kiunoni mwa Koplo.

"Rudia," mama alisema.

"Mama yangu."

Akainuka. "Yule mtoto hakuniita mama tangu siku niliyomwajiri," alisema. "Aliniita bosi. Akicheka, bosi. Akiumwa, bosi. Hata asubuhi ile alinipita hapo hapo akaniambia bosi natoka kidogo." Sauti yake ikapasuka. "Wewe ni nani unayeongea kwa mdomo wa mwanangu?"

Nyuma ya mlango pakawa kimya. Halafu zikaanza pumzi, si za mtu mmoja, za watu wengi, kama chumba kizima cha watu wanaongoja. Mama alikwenda tanurini akarudi na ule mti mrefu wenye ncha ya chuma wa kutolea mikate motoni, akaupenyeza kwenye ufa wa mlango, akaulalia kwa uzito wake wote. Koplo akapiga bega. Mara ya tatu komeo liling'oka.

Ndani unga ulikuwa umetanda hewani kama ukungu. Msomi alikuwa ameketi sakafuni kati ya magunia, sare yake nyeupe kichwa mpaka miguu, na alichokuwa amekishika mkononi Koplo hakuwahi kukisema kwa mtu yeyote, wala kwa mumewe. Pembeni yake, juu ya gunia, kilikaa kitu. Hakikuonekana, ulionekana unga unavyokizunguka usiingie, pengo lenye umbo la mtu aliyeinamia mbele, mikono magotini, na pengo hilo liligeuza kichwa kumtazama, likainuka, likawa refu kuliko mlango, likaja mpaka usoni pake na kumwambia kwa sauti ya mwoka mikate, kisha kwa sauti ya Msomi, kisha kwa sauti yake yeye Koplo, ile sauti yake ya kaunta ya kutuliza watu, kwamba amechoka, kwamba ameua kwa kiganja kimoja, kwamba mumewe atazoea na watoto watazoea, kwamba iko nafasi benchini na angekaa tu, angekaa kidogo tu, aitwe.

Kila kiungo cha Koplo kilitaka kujibu. Alitaka kusema, naomba unisamehe. Hata mdomo ulikwisha kufunguka. Akakumbuka alivyoambiwa, akapita. Alipita katikati ya lile pengo kama mtu anayepita mbele ya mdomo wa tanuri, nywele za mikono zikanyauka, akapiga magoti mbele ya Msomi na kumshika mikono yote miwili.

"Msomi. Nitazame mimi. Namsikia. Sikiliza, namsikia tangu siku ya kwanza, uliponiambia nilikudanganya. Nilicheka pamoja nawe, nikacheka hata ulipoacha. Silali. Naogopa benchi, naogopa saa nane, juzi nilisimama barabarani gari zinakuja nikasahau kwa nini nivuke. Sikumwambia mtu. Nilidhani nikiwa mkubwa wa zamu nitabeba peke yangu, nikakuachia wewe ubebe peke yako. Usiende. Mimi nikirudi kaunta bila wewe sitaweza, nakwambia kweli, sitaweza."

Nyuma yake kile kitu kilikuwa kinaita. Afande. Afande. Afande. Hakugeuka. Na mama wa marehemu, ambaye hakuna aliyemwagiza, alikuja akakaa sakafuni kwenye unga, akamvuta yule kijana mrefu akamlaza kichwa kifuani, akamwambia, "Wewe ndiye uliyemtoa mwanangu humu. Waliniambia. Ulimbeba vizuri?"

Midomo ya Msomi ilisogea mara nyingi kabla sauti haijatoka. "Nilimbeba vizuri, mama."

"Basi niambie."

Na alipoanza kuwaambia, kwa vipande, kwa kwikwi, tanuri lililozimwa wiki nne lilinguruma ng'ambo ya ukuta. Upepo wa moto ukapita stoo nzima, ukauinua unga wote sakafuni, ukatoka kwa mlango, na bati la bomba la moshi likagongagonga juu ya paa kwa muda mrefu. Unga ulipotua, ulitua kila mahali sawasawa, hata juu ya lile gunia.

Msomi alipelekwa hospitali, akalazwa siku tisa, akapewa daktari wa kuongea naye na likizo ya miezi miwili. Mkuu wa kituo aliposikia yote alivua kofia, akaishika mikononi, akaivaa, akaivua tena. Aliruhusu Bi Pasi aingie na chetezo siku ya Jumapili. "Ila mkiandika," alisema bila kumtazama mtu, "andikeni tulipuliza dawa ya mbu." Kisha akajifungia ofisini, na wale wa lindo walisema walimsikia humo ndani akilia kama mtoto, kwa ajili ya jambo la zamani ambalo hakuwahi kumsimulia mtu. Koplo alifungua kitabu cha taarifa akaandika ziara ya mwoka mikate, saa aliyokuja, maneno aliyoyasema, na jina lake yeye mwenyewe kama askari aliyempokea. Kwa hilo aliitwa makao makuu, akapewa onyo kwa maandishi. Mama wa marehemu hakumsamehe wala hakumlaani; alimtaka aende kila Ijumaa akajibu maswali, na Koplo alikwenda.

Msomi alipotoka hospitali alihamia kwa dada yake, ghorofa ya tatu, chumba chenye dirisha la barabarani. Koplo alimtembelea na machungwa. Alimkuta amenyoa, amenenepa kidogo usoni. Waliongea habari za kituo, nani amehamishwa, nani amepanda cheo. Mkono Mwepesi alikuwa ametuma salamu, na pole, na ahadi kwamba simu ya Msomi hataigusa kamwe.

Msomi akacheka kidogo. Kisha akamtazama Koplo.

"Na wewe je, afande? Bado unamsikia?"

Katika wiki zote hizo hakuna aliyemuuliza swali hilo. Koplo alikuwa na jibu la kiaskari tayari mdomoni, hata kichwa kilikwisha kuanza kukataa.

"Ndiyo," alisema.

"Sasa hivi?"

"Tangu ngazini." Machozi yalimshuka bila sauti. "Amesimama nje ya huo mlango. Anagusa kitasa."

Msomi hakumwambia ni mawazo. Aliinuka taratibu, akishika ukuta, akaenda mpaka mlangoni. Alisimama hapo kidogo, kifua kikipanda na kushuka. Kisha akaufungua wote, akatoka, akasikika akitembea ujia mzima mpaka kwenye ngazi na kurudi. Aliporudi alivuta kiti chake mpaka magoti yao yakagusana.

"Nimeangalia mpaka chini," alisema. "Sikuona kitu. Akigusa tena niambie, nitakwenda kuangalia tena."

Akaanza kumenya chungwa. Koplo alilishika sikio lake mwenyewe kwa kiganja, akangoja, macho yakiwa kitasani.

"Anagusa," akanong'ona.

Msomi akaweka chungwa chini, akainuka.